Safari Haipimwi kwa Kilomita Peke Yake

Kutoka uwanja wa ndege wa Charles de Gaulle, Paris, hadi ule wa Hahaya, karibu na Moroni, Ngazija, kwa njia iliyonyooka ni kilomita zipatazo 7,800. Ndege kubwa iendayo kilomita 850 kwa saa ingeumaliza mwendo huo kwa saa tisa na ushei. Hesabu hii mtoto wa shule ataifanya bila taabu. Lakini abiria hasafiri juu ya ramani. Husafiri kwa njia aliyopangiwa na kwa chombo alichopewa.

Juni 29, 2009, ndugu zetu Wangazija waishio Ufaransa, pamoja na abiria wengine, waliondoka Paris kwenda Moroni. Wengine walipandia Marseille. Walipofika Sana'a, Yemen, walihamishiwa ndege nyingine iliyo kongwe zaidi, aina ya Airbus A310, ambayo ilishika njia ya visiwani. Usiku wa kuamkia Juni 30, ikiwa inakaribia kutua, ilianguka baharini. Katika watu 153 waliokuwamo aliokoka msichana mmoja tu. Mwenyezi Mungu awarehemu marehemu wote.

Baada ya msiba huo, Waziri wa Uchukuzi wa Ufaransa alieleza kwamba ndege hiyo ilikaguliwa nchini mwake mwaka 2007 na kuonekana ina kasoro kadhaa, na tangu hapo haikuonekana tena huko. Uchunguzi wa ajali ulitaja makosa ya marubani katika kuiongoza ndege. Septemba 2022, miaka 13 baadaye, mahakama ya Paris ililitia hatiani shirika la Yemenia.

Sisi hatutaki kurudia kazi ya mahakama. Tunalotaka kulisema ni hili: haifai abiria mmoja, kwa tiketi moja, apewe chombo kizuri pale penye wakaguzi wakali, halafu apewe chombo duni kuelekea kwao kwa kuwa kwao ni kisiwani. Kipande cha mwisho cha safari ndicho kinachomfikisha mtu nyumbani, na ndicho kinachostahili uangalizi mkubwa zaidi.

Kwa hiyo tunawakumbusha viongozi wanaohusika na usafiri wa anga katika visiwa vyote vya mwambao wetu kwamba wajibu wao haukomi kwenye kuhesabu masafa, saa na nauli. Hawana budi kuuliza ni ndege gani itakayoleta watu, nani aliyeikagua, na lini. Nao wananchi wanayo haki ya kuelezwa hayo kabla ya kutoa fedha zao.

Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba. Kwa abiria wa angani, tiba haipo kabisa.