Gari likikataa kuwaka kwenye feri, barua ya kiwanda ilikwenda kwa nani?

Kama unaishi Likoni na gari lako linavuka kivuko kila asubuhi, utaratibu unaujua. Unaingia feri, unavuta hendibreki, unazima injini, unangoja. Dakika chache baadaye mlango wa feri unagusa ardhi upande wa kisiwani na kila mtu anawasha. Sasa chukulia ni lako ndilo lisilowaka. Nyuma yako kuna lori, matatu, na watu ambao saa mbili wanatakiwa kazini. Honi zinaanza. Unabonyeza kitufe tena, taa za dashibodi zinawaka vizuri tu, lakini injini kimya.

Jioni fundi wa kwanza anakuambia ni betri. Unanunua. Wiki ya pili, fundi mwingine anasema stata. Unabadilisha. Wiki ya tatu uko pale pale kwenye feri na honi zile zile. Kitu ambacho huenda hakuna aliyekuambia ni kwamba kiwanda kilichounda gari hilo pengine kilishaujua ugonjwa wake zamani, kikautangaza hadharani na kikaahidi kuutibu bure. Shida ni kwamba barua ilitumwa kwa mtu mwingine, Japani.

Hapo ndipo hasira ya wenye magari wengi huku Mombasa bara inapoanzia, na ni haki yao kukasirika. Lakini tuielewe vizuri kwanza, ndipo tujue tumkasirikie nani.

Kipuri kidogo, msiba mkubwa

Mfumo wa kuwasha gari, ambao mafundi wengi wanauita ignisheni, una sehemu kadhaa. Kuna swichi ya ufunguo au kitufe, kuna stata inayozungusha injini, kuna koili zinazokuza umeme wa betri, na kuna plagi zinazotoa cheche ndani ya injini. Moja ikileta ubishi, gari haliwaki, au linakohoa, au, baya zaidi, linazima likiwa mwendoni.

Kuzima mwendoni si mzaha. Injini ikifa, usukani unakuwa mzito na breki baada ya kukanyagwa mara chache zinakuwa ngumu. Jaribu kulifikiria hilo ukiwa unateremka daraja la Nyali na matatu ziko kulia na kushoto.

Marekani walijifunza somo hili kwa damu. Mwaka 2014 kampuni ya General Motors iliita magari takriban milioni 2.6, yakiwemo Chevrolet Cobalt na Saturn Ion, kwa sababu ya swichi ya ufunguo iliyokuwa legevu. Ufunguo ukigongwa na goti, au ukivutwa na uzito wa funguo nyingine, swichi iliteleza kutoka mahali pake, injini ikazima na mifuko ya hewa ya usalama ikakosa kufunguka wakati wa ajali. Mfuko wa fidia uliowekwa na kampuni hiyo ulikubali madai ya vifo 124. Ilibainika pia kwamba ndani ya kampuni kuna waliojua tatizo hilo kwa miaka zaidi ya kumi kabla ya magari kuitwa. Mwaka 2015 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 900 kumaliza uchunguzi wa jinai. Kipuri chenyewe thamani yake haikufika dola moja.

Utasema, mimi sina Chevrolet. Sawa. Tuje kwenye magari unayoyaona Bamburi na Magongo kila siku.

Mwaka 2015 Suzuki iliita magari karibu milioni 2, mengi yakiwa Japani, zikiwemo Swift na Wagon R, kwa sababu swichi ya ufunguo ingeweza kutoa moshi au hata kushika moto. Mwaka 2014 Toyota ilikuwa imeita magari zaidi ya milioni 6 duniani kwa kasoro tano tofauti, mojawapo ikiwa ya stata. Halafu mwaka 2019 ikaja ya Subaru: magari takriban milioni 2.3, zikiwemo Impreza na Forester, zilizoundwa kati ya 2008 na 2017.

Hii ya Subaru isome polepole, maana Impreza na Forester zimejaa huku kwetu. Kasoro ilikuwa kwenye swichi ya taa za breki. Mvuke wa silikoni, unaotoka kwenye vitu vya kawaida kama dawa za kung'arisha dashibodi na vipodozi, uliweza kuingia ndani ya swichi na kuweka utando kwenye vyuma vinavyogusana. Matokeo yake ni kwamba taa za breki zingeweza kukosa kuwaka. Na kwenye gari la kitufe, ambalo haliwaki mpaka likujue umekanyaga breki, injini ingeweza kugoma kabisa. Umeme upo, betri nzima, stata nzima, gari haliwaki. Fundi asiyejua habari hiyo atakuuzia betri na stata mpaka pesa zikuishe, na wala hakuibii. Hajui tu.

Barua inapotelea wapi?

Sasa hesabu nami. Kenya hairuhusu gari kuukuu lenye umri wa zaidi ya miaka 8. Kwa hiyo Impreza ya mwaka 2009 mwisho wake wa kuingia bandari ya Mombasa ulikuwa 2016. Mwito wa Subaru ulitoka 2019. Yaani gari lilikuwa lishashuka melini Kilindini, likapita kwenye yadi ya makontena kule Changamwe, likauzwa, likapewa nambari, na pengine likauzwa tena mara mbili kabla kiwanda hakijafungua mdomo.

Japani, kiwanda kikigundua kasoro ya usalama hutoa taarifa kwa wizara ya uchukuzi, kisha huwaandikia wenye magari kwa kufuata daftari la usajili. Lakini gari linapotolewa nchini humo, usajili wake hufutwa. Kwenye daftari lao, gari lako halina tena mwenyewe. Kwenye daftari letu la NTSA, mwenyewe yupo, na jina, na nambari ya simu, na nambari ya chesisi. Kiwanda kina orodha ya chesisi zenye kasoro. Orodha mbili, na hakuna anayezilaza meza moja.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Sisi daftari tunalo. Habari ndiyo hatuna.

Ukienda kwa wakala rasmi wa chapa hiyo hapa nchini, naye ana hoja yake: gari hili sikukuuzia mimi. Muuzaji wa yadi atasema yeye si kiwanda. Aliyelisafirisha kutoka Japani simu hapokei. Kila mmoja anakuonyesha mlango wa mwenzake, na wewe ndiye unayelala na njaa siku gari limelala gereji. Kama unaendesha teksi ya mtandao Kisauni kwa gari la mkopo, unajua vizuri kwamba mwenye mkopo hajali kama koili imekufa. Tarehe ikifika, imefika.

Na hili si la Kenya peke yake. Ripoti ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira (UNEP), lenye makao yake Nairobi, ilieleza mwaka 2020 kwamba magari madogo kuukuu milioni 14 yaliuzwa nje na Japani, Ulaya na Marekani kati ya 2015 na 2018. Takriban asilimia 40 yalikuja Afrika. Magari yanavuka bahari, lakini ahadi ya kiwanda mara nyingi inabaki ng'ambo.

Tusidanganyane pia

Hata hivyo, si kila gari linalokohoa lina deni na kiwanda. Ukweli ni kwamba koili na plagi nyingi zinazokufa huku kwetu zinauawa na sisi wenyewe na hali ya hewa.

Kwanza, Pwani ina chumvi na unyevu. Viungio vya nyaya hupata kutu mapema kuliko vya gari la Nakuru. Pili, kuna huu mtindo wa kuosha injini kwa mpira wa presha ili ing'are kama mpya. Maji yanaingia kwenye mashimo ya plagi, koili inavujisha umeme, na kesho yake gari linatetemeka. Tatu, kuna spea bandia. Plagi yenye boksi la jina kubwa na bei ya karanga, jiulize kwa nini ni rahisi hivyo.

Nne ni jambo ambalo vijana wa teksi wanalijua ila hawalisemi. Gari la mkopo mara nyingi hufungwa kifaa cha kufuatilia, na vingine vina uwezo wa kukata umeme wa injini ukichelewa kulipa. Aliyekifunga akiunga nyaya za ignisheni ovyo ovyo na kuzizungushia selotepu, gari linaweza kuzima lenyewe hata kama hudaiwi senti. Kabla hujalaani Japani, muombe fundi wa umeme afungue chini ya usukani uone kilichomo.

Tofauti ni hii. Kipuri kilichochakaa ni gharama yako. Kipuri kilichotoka kiwandani na kasoro inayohatarisha maisha si gharama yako, na hakupaswi kukufanya ujisikie mjinga aliyenunua gari bovu.

Unaweza kufanya nini leo?

Anza na nambari ya chesisi. Iko kwenye logibuku na imechorwa kwenye mwili wa gari. Magari yaliyoundwa kwa soko la Japani hayatumii ile nambari ndefu ya herufi na tarakimu 17 inayotumika Marekani, kwa hiyo ukijaribu tovuti za Wamarekani zitakukatalia na utadhani gari lako liko salama. Nenda kwenye tovuti ya Kijapani ya kampuni iliyounda gari lako, sehemu ya kutafuta magari yaliyoitwa, uweke nambari ya chesisi. Ukurasa ni wa Kijapani, ndiyo, lakini simu yako inaweza kuutafsiri. Itakuonyesha kama gari limeitwa, kwa kasoro gani, na mara nyingi kama lilishatengenezwa.

Kama bado hujanunua, hapo ndipo una nguvu zaidi. Omba nambari ya chesisi kabla ya kutuma pesa. Ukikuta kuna kasoro ambayo haijatengenezwa, mwambie muuzaji gari litengenezwe huko huko Japani kabla halijapakiwa melini. Huko ni bure. Likishafika Kilindini, bure hiyo inakuwa ngumu kuipata. Asipokubali, yadi ni nyingi.

Kama gari unalo tayari, chapisha ukurasa ule na umwandikie wakala rasmi. Andika, usiishie kwenye simu. Uliza swali moja lililonyooka: mtatengeneza kasoro hii kwa gharama ya kiwanda, ndiyo au hapana? Wakikataa, wakatae kwa maandishi. Karatasi hiyo ndiyo silaha yako ukipeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, ambayo kazi yake mojawapo ni kumlinda mnunuzi.

Kifungu cha 46 cha Katiba kinakupa haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya habari unazohitaji, haki ya kulindwa afya na usalama wako, na haki ya fidia ukipata hasara kwa sababu ya kasoro. Na kama aliyekuuzia alikuficha jambo alilolijua, kuna Mahakama ya Madai Madogo inayosikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni, na huhitaji wakili kufika pale.

Mengine ni madogo ila yanasaidia. Punguza rundo la funguo, kifungulio cha soda na wanasesere kwenye ufunguo wa gari. Gari likigoma kuwaka na ni la kitufe, mwambie mtu asimame nyuma aangalie taa za breki unapokanyaga. Zisipowaka, umeshapata pa kuanzia bila kununua betri.

Wenye daftari nao

Lakini haiwezekani kila kijana wa Mtopanga ageuke mpelelezi wa tovuti za Kijapani. Gari linapokaguliwa kabla ya kuletwa Kenya, kwa masharti ya shirika la viwango KEBS, nambari ya chesisi tayari iko mikononi mwa mkaguzi. Kuiangalia kama gari lina kasoro iliyotangazwa na haijatengenezwa ni kazi ya dakika chache. Kulifanya hilo liwe sharti la kupata cheti kungemrudishia kiwanda mzigo wake kabla gari halijaondoka kwao.

Kwa yale yaliyokwisha kuingia, NTSA inayo simu yako. Wanaweza kukutumia ujumbe kukukumbusha mambo mengine. Wangeweza pia kukutumia mstari mmoja: gari lako limeitwa na kiwanda kwa kasoro ya swichi, wasiliana na wakala.

Mpaka siku hiyo ifike, iandike nambari ya chesisi kwenye simu yako leo usiku na uitafute. Ukikuta gari lako ni salama, lala. Ukikuta limeitwa, mwambie na jirani mwenye gari kama lako, maana barua yake pia iko Japani.