Beki hukomazwa na uwanja, Kajiado itenge ardhi

NI rahisi kudhani kwamba beki wa Harambee Stars, Joseph Okumu, alifika Ulaya kwa bahati. La hasha! Alipitia Chemelil Sugar, akaenda Afrika Kusini, kisha Amerika. Katika Kombe la Mataifa ya Afrika la 2019 nchini Misri, aliziba pengo la Brian Mandela aliyekuwa ameumia, na mwaka uo huo akajiunga na Elfsborg ya Uswidi.

Huko ndiko alikokomaa. Mnamo 2020 Elfsborg ilimaliza ya pili ligini. Mwaka wa 2021 alihamia Gent ya Ubelgiji, na 2023 akasajiliwa na Reims ya Ufaransa.

Mshambulizi aweza kujulikana kwa bao moja. Beki hupimwa kwa makosa asiyoyafanya, mechi baada ya mechi.

Je, mtoto wa Kitengela atazipata wapi mechi hizo? Tangu ranchi ya jamii ilipogawanywa katika miaka ya 1980, ardhi imezidi kukatwa vipande na kuuzwa. Palipokuwa malisho pamesimama nyumba za kukodisha, na kiwanja cha mpira hakina wa kukitetea.

Katiba ya 2010 iliyapa magatuzi jukumu la viwanja vya michezo. Serikali ya Kaunti ya Kajiado haina budi kutenga ardhi ya umma mjini Kitengela na kuipatia hatimiliki kabla ploti ya mwisho haijauzwa. La sivyo, tutawashangilia akina Okumu kwenye runinga huku watoto wetu wakicheza barabarani.