Witch ya kweli ni ipi?

Wako watu wanaosema kwamba kundi la Witch la Zambia, jirani zetu, lilikufa siku lile lilipoacha roki na kufuata disko. Tunakataa. Roki yenyewe ilikuwa ya kuazima. Hata mwimbaji wao, Emanuel Chanda, alichukua jina la Mick Jagger akalifanya Jagari. Hapo hawakulalamika! Santuri ya Lazy Bones!! ya mwaka 1975 wanaisifu, nasi twaisifu. Lakini Jagari alipoondoka akawa mwalimu, wenzake wangekula nini? Watu walitaka kucheza disko. Sasa wale wa kwanza wamekwisha kufa, amebaki Jagari peke yake. Mwaka 2023 alitoa santuri ya Zango pamoja na vijana, wengine Wazungu, na Patrick Mwondela, mpiga kinanda wa siku zile zile za disko. Basi wanaolilia Witch ya kweli watuambie: atolewe nani?