Kufunga Waifai Si Uchoyo

Leo nina neno na wale wanaodai kwamba ukiweka neno la siri kwenye waifai ya rumu basi wewe mchoyo. Mimi sikubaliani nao hata kidogo.

Kweli bando linauma, hasa bumu likichelewa. Lakini hela ndiyo dogo. Kubwa ni ile laini iliyomo kwenye ruta. Hapa Bongo laini inasajiliwa kwa alama za vidole, na tunayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Jamaa usiyemjua akipitia ruta yako kutapeli watu, nyayo zinaishia kwenye jina lako. Wewe ndiye utakayeanza kujieleza, na yeye siku hiyo humwoni. Sasa huo ni ujamaa gani?

Wengine watasema, "mbona mimi nimefunga?" Umefunga na nini, ndugu yangu? Kuficha jina la mtandao si kufunga, maana simu na ruta zinalitaja hewani kila zinapoungana, na kuna programu za bure za kulisoma. WEP nayo ni kufuli la mwaka 1997, wataalamu walilivunja tangu 2001. Ukilikuta kwenye ruta ya zamani, achana nalo.

Ugonjwa wetu hasa ni kuweka namba ya simu. Kwenye WPA2 mtu ananasa ile salamu ya simu yako na ruta, anaondoka nayo, anakaa kwake anabahatisha taratibu bila ruta kujua. Namba zetu zinaanza na 06 au 07, zinabaki tarakimu nane, yaani namba milioni 100 kwa kila mwanzo. Kwako ni nyingi, ila kwa kompyuta nzuri ya kuchezea gemu ni kazi ndogo tu.

Dawa yenyewe haina gharama. Chukua maneno manne au matano yasiyohusiana, uyaunganishe. WPA2 inapokea herufi 8 mpaka 63. Ruta ikiwa na WPA3, iliyotoka 2018, washa hiyo, maana inaziba huo mchezo wa kubahatisha ukiwa mbali. Zima WPS: Desemba 2011 ilibainika kwamba namba yake ya tarakimu nane inapatikana kwa majaribio yasiyozidi 11,000. Halafu badilisha na neno la siri la kuingilia mipangilio ya ruta, msiache lile la kiwandani.

Na yule asiye na bando wakati kesho asubuhi kuna kazi ya kukusanya? Abishe hodi, tumuunganishe kwenye mtandao wa wageni, akimaliza tunabadilisha neno. Kuomba na kuiba ni vitu viwili tofauti jamani.

Nawasilisha.