Mzee Small au King Majuto? Ubishi wa sebuleni kwetu Kibiti

Sikukuu ya Idd iliyopita baba alitoka delta akaja kukaa nasi Kibiti siku nne. Ni nadra sana. Shamba lake la mpunga liko upande wa Mbwera, na ukimwambia aje mjini atakutajia ndege, nguruwe na maji ya bamvua mpaka wewe mwenyewe uone aibu kwa kumwita. Safari hii alikuja, na kwa kuwa mjomba naye alikuwepo, nilijua hatutalala mapema.

Mdogo wangu alichomeka flashi kwenye runinga. Mle ndani kuna vichekesho vya zamani, vingine picha zake zimefifia mpaka unatambua mtu kwa sauti tu. Haikupita nusu saa ubishi ukaanza, ule ule wa miaka yote: kati ya Mzee Small na King Majuto, nani alikuwa mkali?

Baba ni wa Mzee Small. Humhesabu kuwa mtu wa kwetu, wa Kusini, na hilo peke yake kwake ni nusu ya hoja. Said Ngamba, ndilo jina lake, alipita kwenye majukwaa ya maigizo kabla Tanzania Bara haijawa na kituo cha televisheni. Televisheni zilipoanza huku Bara mwaka 1994, watu wa umri wangu tulizaliwa tukamkuta tayari yumo ndani ya kioo. Mwili mdogo, uso mkavu, na kejeli anayoitoa kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Alichekesha kwa kunyamaza. Mwenzake anafoka, yeye anamtazama tu, halafu anaachia neno moja.

Mjomba ni wa Majuto, na hapo usimguse. Ujana wake aliumalizia Tanga kwenye mkonge, na Tanga ndiko Amri Athumani alikozaliwa mwaka 1948. Majuto alianza kuigiza mwishoni mwa miaka ya 1950 akiwa bado mtoto, maana yake alifanya kazi hiyo kwa takriban miaka 60. Hebu fikiria ni kazi gani nyingine mtu anaifanya miaka 60 na watu bado wanaikimbilia. Yeye hakunyamaza. Alikuwa mzee mbahili, mzee mkware, baba mkwe msumbufu, anabwabwaja, anakimbia, anaanguka, na maneno mengi unaona kabisa hayakuandikwa popote, yamemjia hapo hapo. Filamu za CD zilipoingia vijijini, ni yeye aliyejaza vibanda umiza. Hata kwenye visiwa vya delta, ambako umeme ulikuwa wa jenereta, watoto walimjua Majuto kabla hawajamjua mbunge wao.

Mimi nikiulizwa, nasema Majuto alikuwa na upana zaidi, Mzee Small alikuwa na kipimo zaidi. Kama ni filamu ya saa nzima nipe Majuto. Kama ni dakika kumi, nipe Mzee Small. Nilipotoa hukumu hiyo wote wawili walinizomea.

Kilichonifanya niandike safu hii si ubishi huo, ni baba. Kabla filamu haijaisha alisimama mara tatu. "Simamisheni hapo, nakuja," anasema, anatoka uani, anakawia, anarudi. Mara ya tatu mjomba akamtania kwamba amekunywa mto mzima wa Rufiji. Baba hakucheka. Usiku nikausikia mlango wa uani tena, saa saba, kisha saa tisa, kisha karibu na adhana ya alfajiri.

Sasa, mzazi mwenzangu, wanaume hawa wawili tuliokuwa tukiwashindanisha, tukumbuke walivyoondoka. Mzee Small alipatwa na kiharusi mwaka 2012, akaugua miaka miwili, akafariki Juni 2014. Majuto alisumbuliwa na tezi dume. Mei 2018 alipelekwa India kwa matibabu, akarudi, na tarehe 8 Agosti mwaka huo akafariki Muhimbili. Katika ugonjwa wake ndipo nchi nzima ilipoanza kuzungumza jinsi mikataba ya wasanii ilivyowaacha mikono mitupu, hadi Waziri wa Habari wa wakati ule, Harrison Mwakyembe, akaunda kamati ya kuipitia. Lakini kuhusu tezi yenyewe hatukuzungumza sana. Tuliona haya.

Tezi dume kila mwanaume anayo, chini ya kibofu, imeuzunguka mrija wa mkojo. Umri ukienda inakua, na ikikua inaubana mrija. Karibu nusu ya wanaume waliovuka miaka 50 inakuwa imeshaongezeka. Mara nyingi si saratani, ila saratani ya tezi nayo ipo, na mwanzoni huwa haina kelele. Dalili ni zile nilizokuwa nikizisikia mlangoni: kuamka usiku mara kwa mara, mkojo kusitasita na kukatikakatika, kuhisi kibofu hakijaisha. Wazee wanaogopa habari za kidole cha daktari. Ukweli ni kwamba uchunguzi huweza kuanza kwa damu ya mkononi na picha ya tumbo, na kidole kikihitajika ni dakika moja.

Asubuhi nilimfuata baba barazani nikamuuliza taratibu. Akaniambia, "Mama, hayo si ya kuongea na mtoto." Nimesoma chuo kikuu, naandika habari za afya kila wiki, na pale nilikuwa mtoto tu. Aliyeniokoa ni mjomba. Alikuwa anakunywa chai, wala hakuinua macho: "Shemeji, mimi walinipima mwaka jana. Walitoa damu hapa." Akaonyesha mkono. Miaka yote ile ya utani, hakuwahi kutuambia.

Baba akaongeza siku ya tano. Tulipofika zahanati nesi alianza na presha, kama wanavyoanza na kila mtu. Ilisoma 172 kwa 104. Akampumzisha, akarudia, ikashuka kidogo tu. Kesho yake tena, vile vile. Presha ikiwa 140 kwa 90 au zaidi kwa siku tofauti, hiyo ni presha. Naye alikuwa hajisikii chochote, anapiga kasia, anabeba magunia, anakula ng'onda na chumvi yake yote.

Hapo ndipo niliogopa kuliko tezi. Uso ukipinda upande mmoja, mkono ukikosa nguvu, maneno yakivurugika, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, tena kwenye hospitali kubwa yenye mashine ya kupiga picha ya ubongo. Kwetu delta maji hukupwa na kujaa kila baada ya saa 6 hivi, na mkondo ukikauka boti haitoki. Hesabu hiyo haikubali. Kwa mtu wa Mbwera au Salale, kiharusi kinazuiwa kwa kidonge cha kila siku na chumvi kupungua, muda mrefu kabla hakijafika. Na kidonge hakiachwi eti kwa sababu presha imeshuka. Imeshuka kwa sababu unakimeza.

Tezi nayo ilionekana imekua. Majibu ya damu yalikuwa hayajatoka baba alipoondoka, amepewa tarehe ya kurudi. Tulimsindikiza hadi Nyamisati, vidonge vya mwezi mmoja vikiwa ndani ya mfuko wa nailoni alioufunga mafundo mawili.

"Nimekuja na ugonjwa wa Majuto," alisema akipanda boti, "naondoka na wa Mzee Small."

Mjomba alicheka mpaka akashika nguzo. Mimi nilimkumbusha tarehe. Akauliza kama flashi nimemuwekea.