Kesho Haiuzwi Dukani

Kuna uongo mmoja unaotembea mitaani kifua mbele, na vijana wenzetu wanaununua kwa fedha taslimu. Uongo wenyewe ni huu: eti ipo kompyuta ya kuchezea gemu ambayo ukishaiunda leo haitapitwa na wakati. Chukua kadi ya picha kubwa kuliko zote, chukua prosesa kubwa kuliko zote, halafu kaa kitako miaka kumi ule raha. Nasema hapana. Kompyuta ya namna hiyo haijawahi kuundwa, na wengi wa wanaoinadi wanalijua hilo vizuri sana.

Sina ugomvi na wapenda gemu. Wanaosema gemu ni upuuzi wa watoto waachiwe mabaraza yao. Ugomvi wangu ni wa fedha. Kijana wa Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi haundi kompyuta kwa fedha za kuchezea. Anaunda kwa akiba ya miezi mingi, kwa mkopo wa kikoba ambao mama kausainia, kwa mchango wa kaka aliye kazini. Fedha hiyo ikizama, hairudi upesi. Na inazama hivi hivi tunaona, kwa sababu ya neno moja tu: kesho.

Hebu tuwaulize hao manabii wa kesho, utabiri wao umefika wapi?

Machi 2017 kampuni ya Nvidia ilitoa kadi ya GTX 1080 Ti kwa dola 699, ikiwa na kumbukumbu ya gigabaiti 11. Ilikuwa kadi nzuri, sitaisingizia. Watu waliapa kwamba huyo ndiye mfalme wa miaka yote. Kumbe mwaka uliofuata zilianza kutoka kadi zenye sakiti maalumu za kufuatilia miale ya mwanga. Desemba 2024 likaja gemu la Indiana Jones and the Great Circle, nalo linadai sakiti hizo. Kadi ya chini kabisa iliyotajwa kulifaa ilikuwa RTX 2060 Super, ya mwaka 2019, iliyoanza kuuzwa dola 399. Umeona mambo hayo? Mfalme wa dola 699 kaachwa mlangoni, mtumishi wa dola 399 kapita. Nguvu haikumsaidia mfalme. Alikosa kitu ambacho siku anayonunuliwa hakikuwemo hata kwenye mazungumzo ya wateja.

Tazama na upande wa prosesa. Januari 2017 Intel ilitoa Core i7-7700K, na wakati huo ndiyo iliyokuwa kinara wa gemu. Oktoba mwaka huo huo ikatoa kizazi kilichofuata. Soketi ilibaki na jina lile lile, LGA 1151, lakini prosesa mpya zikakataa kufanya kazi kwenye mbao za zamani. Miezi tisa tu, bwana! Mimba moja! Halafu mwaka 2021 ikaja Windows 11, na 7700K haikuwemo katika orodha ya prosesa zinazokubaliwa. Oktoba 14, 2025, Microsoft ikafunga msaada wa kawaida wa Windows 10. Mashine bado ina nguvu zake, lakini nyumba aliyojengewa imehamwa.

Wapo pia walionunua mazabodi ya kuchomeka kadi mbili, wakijipa moyo kwamba leo naweka moja, kesho naongeza ya pili. Kesho ilipofika, watengenezaji wa magemu walishaacha njia hiyo, na Nvidia ilisema kwamba kuanzia Januari 1, 2021 haitaongeza tena maandalizi mapya ya kuunganisha kadi kwa mtindo wa SLI. Nafasi ya pili ikabaki tundu la kukusanya vumbi.

Sasa jamani, kama kampuni zenyewe zinabadili njia namna hii, mwenye duka Kariakoo au Luthuli Avenue kaipata wapi siri ya miaka kumi ijayo? Hana. Anauza mzigo wake, na hilo ni haki yake. Kosa ni letu tunaponunua unabii pamoja na mzigo.

Najua jibu litakalokuja, maana limeshakuja mara nyingi vijiweni. Wataniambia: "Hayo ni maneno ya Ulaya na Marekani, ambako mtu anabadili kadi kama shati. Sisi huku kupata kifaa ni kazi. Kuna nauli ya meli, kuna ushuru, kuna kodi ya ongezeko la thamani. Ndo maana tunanunua kikubwa mara moja tupumzike." Hoja hii ina uzito, na siwezi kuipuuza. Lakini ifuateni mpaka mwisho wake. Kama kununua ni kugumu, basi shilingi iende kwenye kitu kinachodumu. Inakuwaje basi tunaimwaga kwenye kitu kinachoshuka thamani upesi kuliko vyote? Septemba 2018 ilitoka RTX 2080 Ti, Nvidia yenyewe ikiiuza dola 1,199. Miaka miwili baadaye ikatangazwa RTX 3070 kwa dola 499, ikiwa na kasi inayokaribiana nayo. Ni kweli siku zile kadi ziliadimika na bei za madukani zikapaa. Ni kweli vilevile kwamba gigabaiti nane za 3070 zilianza kubana kwenye magemu ya 2023. Hata hivyo dola 700 za tofauti zilitosha kununua kadi nyingine baadaye, na chenji ikabaki.

Ndipo ninapofika kwenye neno langu. Kesho hainunuliwi. Inaachiwa mlango. Kazi yetu ni kutofautisha sehemu zinazozeeka na sehemu zinazokaa.

Kinachokaa cha kwanza ni mazabodi yenye soketi ya maisha marefu. Mfano tunao. Prosesa za Ryzen za AMD ziliingia sokoni Machi 2017 kwa soketi ya AM4. Mtu aliyenunua ubao wa B450 mwaka 2018 aliweza mwaka 2022 kusasisha BIOS, akachomoa prosesa yake ya kawaida, akachomeka Ryzen 7 5800X3D, moja ya prosesa bora za gemu za wakati ule. Ubao ule ule, RAM ile ile. Huyo hakutabiri kitu. Aliacha mlango wazi, basi. Soketi ya AM5 iliyokuja Septemba 2022 nayo imeahidiwa na AMD kuendelezwa mpaka 2027 na kuendelea. Ahadi si msahafu, lakini afadhali ahadi iliyoandikwa kuliko kiapo cha kijiweni.

Cha pili ni pawa saplai, na hapa nakasirika hasa. Utamkuta mtu kanunua kadi ya mamilioni, halafu pawa saplai kaokota ile nyepesi kama kopo tupu, isiyo na jina wala dhamana. Katika nchi ambazo umeme unakatika na kurudi kwa kishindo! Cha rahisi ni ghali. Pawa saplai nzuri yenye ziada ya wati itahudumia kadi ya leo na ijayo, na zipo zenye dhamana ya miaka kumi. Weka na UPS au stabilaiza mbele yake. Hiyo ndiyo pesa ya kesho, ingawa haina taa za rangi rangi za kuwaringia washikaji.

Cha tatu ni kasha lenye hewa. Pwani yetu ina joto, unyevu na chumvi hewani, na bara kuna vumbi. Kasha la kioo mbele na nyuma linapendeza pichani, lakini ndani ni tanuri. Chukua lenye matundu, feni nzuri na chujio la kuoshwa.

Vinavyozeeka ni kadi na prosesa. Hivyo nunua vya kati, kulingana na skrini uliyonayo. Skrini ya hezi 60 inaonyesha picha 60 kwa sekunde. Kadi yako ikizalisha 200, hizo 140 za juu hutaziona, nawe umezilipia. Katika kadi, kama fedha inabana, acha kukimbilia jina kubwa, tazama kumbukumbu: gigabaiti 12 au 16 zitakuvusha mbali kuliko 8. Kadi ikichoka, iuze mtumba ingali na soko, ongezea kidogo, songa mbele.

Na tusiseme basi tusubiri bei zishuke. Mwishoni mwa 2025 bei ya RAM ilipaa, kwa kuwa viwanda vilielekeza mzigo kwenye mashine za akili bandia. Aliyesubiri naye aliumbuka. Anayelimbikiza na anayesubiri ni ndugu: wote wawili wanacheza kamari na kesho.

Wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Gemu unalotaka kucheza mwezi huu, filamu unayotaka kuhariri, biti unayotaka kutengeneza, hayo ndiyo mbachao. Mashine ya kati, iliyokaa juu ya msingi imara, inayafanya yote hayo leo. Zaidi ya hapo, kijana anayebadili sehemu moja moja anajifunza kufungua kasha lake, kusoma maandishi ya soketi na kukokotoa wati. Aliyenunua utukufu wa mara moja hafungui; anaogopa kuharibu.

Kwa hiyo siku ukienda dukani ukaambiwa, "Hii, mdogo wangu, hutabadilisha miaka kumi," muulize muuzaji swali moja tu: dhamana yake ni ya miaka mingapi? Akijibu mwaka mmoja, umeshaijua bei ya hiyo miaka tisa mingine.