TAHARIRI: GAVANA ALIONDOKA, KINU KIKABAKI

Ndugu wanaushirika,

Pale kwenye mizani tunasikia maneno mawili. La kwanza: "Mkulima atatawala nini? Kazi yake jembe." La pili: "Kiongozi akituudhi, basi ushirika uvunjwe tugawane." Leo tunayajibu yote mawili kwa habari ya kweli kutoka Marekani, jimbo la North Dakota.

Wananchi wengi wa jimbo hilo walikuwa wakulima wa ngano. Walilima wao, lakini bei na daraja la ngano viliamuliwa na wanunuzi wakubwa wa mbali, katika mji wa Minneapolis. Riba ya mikopo nayo iliwaumiza. Wakaomba jimbo lijenge ghala la nafaka la wananchi. Mwaka 1915 baraza lao la kutunga sheria likakataa.

Basi mwaka huohuo wakaunda umoja wao, Nonpartisan League. Aliyewaongoza ni Arthur Townley, mkulima aliyekuwa amefilisika kwa kilimo cha kitani. Walipita shamba kwa shamba wakiandikisha wanachama, na kila mmoja alitoa ada. Mwaka 1916 wakamsimamisha mwenzao Lynn Frazier, mkulima wa karibu na Hoople. Huyu alimaliza chuo kikuu mwaka 1901, akarudi kulima. Wananchi wakamchagua gavana kwa kura karibu 4 katika kila 5. Jembe halikumzuia.

Mwaka 1919 serikali yake ikapitisha sheria ya kuanzisha benki ya jimbo, na kinu cha ngano pamoja na maghala. Benki ilifunguliwa mwaka huo kwa mtaji wa dola milioni 2. Ikawa mali ya wananchi, siyo ya tajiri mmoja.

Halafu mambo yakageuka. Baada ya vita kuu ya kwanza bei ya ngano ikaanguka. Wapinzani wakapata la kusema, na malalamiko juu ya uendeshaji wa benki yakawa mengi. Tarehe 28 Oktoba 1921 wananchi wakapiga kura ya kumwondoa gavana kabla muda wake haujaisha. Frazier akashindwa kwa kura kama 4,000 tu. Ndiye gavana wa kwanza wa jimbo la Marekani kuondolewa kwa njia hiyo. Wa pili alikuwa wa California, mwaka 2003.

Sasa sikilizeni vizuri, hapa ndipo penye somo. Siku ileile wananchi waliulizwa pia juu ya kuivunja benki na mipango ile. Wakakataa! Mtu walimtoa, chombo wakakishika. Kinu cha Grand Forks kikafunguliwa mwaka 1922. Benki na kinu vinafanya kazi mpaka leo, miaka zaidi ya 100.

Na Frazier je? Hakususa. Mwaka 1922 aliomba kura tena, akachaguliwa seneta, akakaa huko mpaka 1941. Mwaka 1934 yeye na William Lemke, aliyeondolewa pamoja naye, walipata sheria ya kuwalinda wakulima wenye madeni wasinyang'anywe mashamba. Mwaka 1935 Mahakama Kuu ikaitengua. Wakaiandika upya mwaka huohuo, na mwaka 1937 mahakama ikaikubali.

Ndugu, sisi tunasema hivi. Kiongozi akikosea, aulizwe mkutanoni, mbele ya daftari la hesabu. Akishindwa kujibu, aondolewe kwa kura. Hata sisi tunaoandika ubao huu hatujitoi, tukikosa tuondoeni. Lakini mizani, ghala na fedha za ushirika havikukosa kitu. Ni jasho letu. Tukivigawana kwa hasira, msimu ujao nani atatupimia? Ni yule yule mlanguzi.

Aliyeondolewa naye asinune nyumbani. Arudi, mkutano una nafasi yake.

Anayejua kusoma amsomee jirani yake. Tukutane mkutanoni.